NANI ALIMHESABU NYANI JIKE?
Somo la biolojia, limetayarishwa na kapita wa wanafunzi, darasa la 6



Wengi wenu mnakumbuka siku ya kuchagua kapita. Tulikuwa wawili mbele ya tabulo: sisi tunaoandika ukurasa huu, na dada mmoja wa darasa letu. Yeye alieleza maneno yake vizuri, juu ya maji ya internati na juu ya saa za kusoma usiku. Halafu kijana mmoja akasimama kule nyuma, akapaza sauti: "Hata kwa nyani, dume njo chifu! Ile iko biolojia, haiko maneno yetu." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Sisi pia tulipiga makofi. Tukashinda kwa kura nyingi, na hakuna aliyeuliza kama maneno yale yalikuwa ya kweli.

Aliyeuliza ni dada mwenyewe. Juma lililofuata, katika somo la biolojia, aliinua mkono: "Mwalimu, ni nani aliyeona ya kwamba dume ndiye chifu wa nyani? Alikaa wapi? Alikuwa anamwangalia nani?" Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akasema atatafuta. Alitafuta kweli. Alirudi na kurasa juu ya mwanamke mmoja wa Marekani anayeitwa Donna Haraway, ambaye kazi ya maisha yake ilikuwa karibu swali lile lile. Kurasa nyingine zilikuwa za Kingereza, akatufasiria. Somo hili limetoka humo. Dada alilisoma kabla ya kwenda kwenye stensili, akatuambia neno moja tu: "Andika na makofi yako." Ndiyo sababu tumeanza hapo.

Haraway alizaliwa mwaka 1944 katika mji wa Denver. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari za michezo. Alisoma elimu ya wanyama, pamoja na filozofia na fasihi, jambo ambalo kwetu ni gumu, maana mtu wa sekisio moja hagusi vitabu vya sekisio nyingine. Mwaka 1972 alipata udaktari wa biolojia katika chuo kikuu cha Yale. Lakini hata huko hakukaa tu na vyura na mikroskopi. Aliandika juu ya mifano ambayo wanabiolojia wanatumia wanaposema habari za mwili: mmoja anasema mwili ni kama mashine, mwingine anasema ni kama kitambaa kilichofumwa, na kila mfano unamfanya mtu aone jambo moja na kupita jambo lingine. Baada ya hapo alifundisha katika Hawaii, kisha katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, na tangu mwaka 1980 katika Santa Cruz, jimbo la California, mpaka alipostaafu. Huko alifundisha historia ya sayansi na feminismu.

Neno hilo la mwisho linatisha baadhi ya baba zetu. Maana yake kwa ufupi ni hii: kusema ya kwamba mwanamke ni mtu kamili, na kuuliza ni wapi alisahauliwa katika hesabu. Mtu anaweza kulifanyia makelele, anaweza pia kulifanyia kazi ya kaye na biki. Haraway alilifanyia kazi.

Mwaka 1989 alitoa kitabu kikubwa, Primate Visions, juu ya watu wanaochunguza nyani, sokwe na ngagi. Angalieni vizuri: hakwenda porini kuangalia nyani. Aliwaangalia wale wanaowaangalia. Aliwachungulia wachunguzi. Alisoma vitabu vyao, barua zao, picha zao, hata majumba yao ya makumbusho, akiuliza kila mara maswali ya dada yetu: ni nani aliyeona, akiwa wapi, na alimwangalia nani?

Na hapa habari inakuja kwetu, kwa sababu inaanza juu ya mlima wa Congo. Wale kati yetu waliotoka Rutshuru wanaujua Mikeno tangu utoto. Mwaka 1921 mtu mmoja, Carl Akeley, alifika kule akitumwa na jumba la makumbusho la New York. Alikuwa fundi wa kuvika ngozi ya mnyama juu ya sanamu hata ukidhani mnyama anapumua. Yeye na wenzake walipata ngagi 5 kwa jumba lile. Akeley alipoona ngagi waliokufa, moyo wake uligeuka, akaenda kuwaomba wakubwa wa Ubelgiji wakataze uwindaji. Mwaka 1925 Park Albert ikaanzishwa, ile tunayoita Virunga tangu mwaka 1969. Akarudi mwaka 1926, akaugua, akafa mwezi wa Novemba, akazikwa pale Kabara juu ya Mikeno. Wale ngagi wangali New York nyuma ya kioo mpaka leo, katika jumba lililofunguliwa mwaka 1936. Dume mkubwa amesimama, anapiga kifua. Nyuma yao kuna picha ya volkeno zetu.

Haraway alikwenda akasimama mbele ya kioo kile. Kwanza akatazama mlango wa jumba: pale palikuwa na sanamu ya rais Theodore Roosevelt amepanda farasi, na pembeni mwake Mwafrika na Mwamerika wa asili, wote wawili kwa miguu. (Sanamu ile iliondolewa mwezi wa Januari 2022.) Kisha akauliza: katika hadithi hii ya mtu mmoja shujaa na ngagi wake, ni nani ambao hawaonekani? Wapagazi waliobeba chumvi na plasta mpaka juu hawaonekani. Wimbia Gikungu, Mkikuyu ambaye wazungu walimwita Bill na aliyesafiri na Akeley miaka mingi, anaonekana kidogo tu, kama mtoto wa nyumbani. Delia, bibi wa kwanza wa Akeley, ndiye aliyemwokoa mwaka 1910 katika mlima Kenya wakati tembo alipomponda. Wapagazi waliogopa kwenda, yeye akaongoza safari ya kumtafuta. Baada ya wao kuachana, jina lake karibu lifutwe. (Delia huyu alirudi Afrika peke yake, akafika hata msitu wa Ituri, akakaa na Wambuti. Habari hiyo ni ndefu, tunaiacha kwa ukurasa mwingine.)

Katika safari ile ya 1921 walikuwamo pia wanawake, na mtoto msichana wa miaka 6. Akeley alitaka hivyo. Alifikiri: watu wakiona ya kwamba hata wanawake na mtoto wanaweza kumkaribia ngagi, wataacha kusema ngagi ni shetani wa porini. Nia yake ilikuwa nzuri kwa ngagi. Lakini tuliposoma pale dada mmoja akasema, "Kumbe mwanamke alikuwa kipimo cha kuonyesha ya kwamba hatari iko kidogo." Ndivyo, na ndivyo Haraway alivyoona. Hakusema Akeley alikuwa mtu mwovu. Bila yeye, pengine leo hakuna ngagi wa kuonyesha watoto wetu, ingawa wazee wetu wana maneno yao pia juu ya mipaka ya ile park. Haraway alitaka tu tujue ya kwamba kioo kile kinaonyesha ngagi, na kinaonyesha pia watu waliomweka humo.

Kuhusu wanawake mashuhuri waliofuata tutapita haraka. Jane Goodall alifika Gombe, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, mwezi wa Julai 1960, majuma mawili tu baada ya uhuru wetu. Alipofika Kigoma alikuta mji umejaa wazungu waliokimbia Congo, na yeye na mama yake wakasaidia kuwatengenezea mikate ya kula. Dian Fossey alianza kazi mwaka 1967 pale pale Kabara, karibu na kaburi la Akeley, kabla vita havijamfukuza kwenda Rwanda. Haraway anawaheshimu. Lakini anaziuliza picha za magazeti: mwanamke mzungu peke yake, mkono wake katika mkono wa sokwe, msitu mtupu nyuma. Peke yake? Na mpishi? Na watu waliofungua njia kwa panga, waliojua kinyesi cha usiku na kinyesi cha asubuhi? Picha imewatoa. Katika miaka ile Waafrika walikuwa wanadai nchi zao, na magazeti ya Ulaya na Marekani yalikuwa yanachapa picha ya Afrika isiyo na Waafrika.

Sasa tufike kwa nyani, maana ndio waliotushindisha uchaguzi.

Katika miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa 1960, wataalamu Sherwood Washburn na Irven DeVore walichunguza nyani wa mbuga za Kenya. Waliandika ya kwamba kundi linasimama juu ya madume: madume wakubwa wako katikati, wanalinda, wanaamua, na wengine wanapanga maisha yao kwa kuwafuata. Ilikuwa kama jeshi ndogo. Kisha watu wakaruka kutoka kwa nyani mpaka kwa mwanadamu wa kale, wakasema: njo vile na babu zetu walikuwa, dume mwindaji anatangulia, jike anafuata na mtoto mgongoni. Maneno haya yaliingia katika vitabu vya shule za dunia nzima. Hata kijana wetu wa nyuma ya darasa aliyapata mahali fulani, ingawa yeye mwenyewe hajui wapi.

Katika miaka ile ile ya 1960 mwanamke mmoja Mwingereza, Thelma Rowell, alichunguza nyani pale Ishasha. Wengi mnaujua mto Ishasha: upande mmoja Uganda, upande mmoja Congo. Nyani wake walikaa katika miti ya kando ya mto. Rowell hakuona jeshi. Aliona ya kwamba njia ya kila siku iliamuliwa zaidi na majike wazee, na hatari ilipokuja, madume wenye miguu mirefu walikuwa wa kwanza kufika mitini, na majike wenye watoto walifika nyuma. Darasa lilicheka sana hapo. Safari hii walicheka upande mwingine.

Je, mmoja alisema uongo? Hapana. Mbuga siyo msitu, na nyani wa hapa siyo nyani wa kule. Lakini kuna jambo lingine, na hili ndilo tunalopenda kila mwanafunzi aliandike katika kaye yake. Mwaka 1974 Jeanne Altmann, mwanamke aliyesoma hesabu kwanza, na ambaye aliwachunguza nyani wa Amboseli katika Kenya, alitoa andiko juu ya namna ya kuangalia. Alisema hivi: ukikaa tu na kuandika kile kinachokuvuta macho, utaandika ugomvi, makelele, na wanyama wakubwa. Kwa hiyo, chagua mnyama mmoja kabla hujaanza, kwa mpango na siyo kwa kupenda. Mwangalie huyo tu kwa dakika ulizopanga, hata kama amelala, hata kama kule pembeni wengine wanapigana. Kisha nenda kwa mwingine, dakika zile zile. Kila mmoja apate saa yake.

Ni jambo dogo kama kanuni ya mezani. Lakini wachunguzi walipoangalia hivyo, nyani jike alitokea kana kwamba alikuwa amejificha. Altmann alihesabu siku ya nyani mama: saa za kutafuta chakula, saa za kutembea, saa za kubeba na kunyonyesha, na mama yule hawezi kuongeza moja bila kupunguza nyingine. Haraway aliandika kurasa nyingi juu ya Altmann, kwa sababu hapa haki na hesabu zilikutana bila makelele. Altmann hakusema, "Wapendeni majike." Alisema, "Gaweni dakika sawasawa."

Rafiki yetu mmoja aliuliza: "Basi sayansi yote iko uongo? Kila mtu anaona yake?" Swali ni zuri, na Haraway alilijibu katika andiko la mwaka 1988. Anasema kila maarifa yana mahali pake pa kusimama. Mtu anaona kutoka kilima fulani, kwa macho fulani. Anayejidai anaona yote kutoka pasipo mahali, huyo anafanya hila ya kujifanya Mungu. (Sisi katika shule hii tunajua ya kwamba Mungu hana nafasi ya kazi ya kutoa.) Lakini yule anayesema, "Kila kitu ni sawa, amini unachotaka," huyo pia anakimbia kazi. Anayefaa ni yule anayesema: nilisimama hapa, niliangalia hivi, nihojini. Tena Haraway haachilii wanawake. Wachunguzi wanawake nao walisimama mahali, wengi wao wazungu wenye pesa za chuo kikuu, na hadithi zao lazima zihojiwe vilevile. Kwa hiyo asije mtu akageuza na kusema, "Jike njo chifu, kwa sababu ya Ishasha." Uchaguzi wa internati hautafutwi kwa nyani hata kidogo.

Wataalamu wengine wa nyani walikasirishwa na kitabu kile, wakasema ameandika kigumu mno na kazi yao ameifanya hadithi. Kwamba kigumu, ni kweli. Mwalimu wetu mwenyewe alirudia kurasa fulani mara tatu.

Baadaye Haraway aligeukia wanyama wa nyumbani. Alikuwa na mbwa jike aitwaye Cayenne, wakifanya pamoja mchezo wa kuruka vizuizi na kupita ndani ya mifereji, mtu na mbwa mbio pamoja. Kutoka hapo aliandika kitabu kidogo mwaka 2003 na kikubwa mwaka 2008, When Species Meet. Kwetu, mbwa analinda nyumba na anakula mabaki, tena wengine wanamtupia mawe. Tulicheka kidogo juu ya profesa anayekimbia na mbwa. Lakini katika kitabu kile kuna habari ambayo haikutuchekesha. Ni ya Barbara Smuts. Huyu, mwezi wa Mei 1975, alikamatwa Gombe pamoja na wenzake 3 na waasi waliotoka upande wetu wa ziwa, na mwisho wote 4 waliachiliwa wazima. Baadaye alikwenda kuchunguza nyani katika Kenya. Walimu wake walimfundisha awe kama jiwe: asiwaangalie nyani machoni, asiwajibu, ili wamzoee. Nyani hawakumzoea. Kwao, yule kiumbe asiyejibu salamu alikuwa mtu wa mashaka. Smuts alipojifunza adabu zao, kugeuza uso kwa namna yao, kuondoka wanapomwambia ondoka, ndipo walipomwacha akae na kuendelea na mambo yao. Haraway anauliza: kati ya Smuts na nyani, ni nani aliyekuwa anachunguza, na ni nani aliyekosa adabu? Katika kijiji ukipita mbele ya wazee bila kusalimu, hawasemi wewe ni mtaalamu.

Sisi tulijaribu namna ya Altmann hapa shuleni, juu ya mbuzi wa nyuma ya jikoni. Siku ya kwanza tulikuwa wanafunzi 6, kila mmoja akaandika anachoona. Tuliposoma kaye, karibu kila mstari ulikuwa juu ya dume: amepiga pembe, amepanda juu ya ukuta, amemfukuza mwenzake. Siku ya pili tuliandika majina ya mbuzi juu ya vipande vya karatasi, tukapiga kura, dakika 10 kwa kila mbuzi. Ilichosha. Mmoja wetu alipata mbuzi aliyelala dakika zote 10. Lakini tuliona ya kwamba kwenda mtoni, mara nyingi aliyetangulia ni jike mzee mwenye pembe iliyovunjika, na dume alikuja nyuma kabisa, ananusa. Kijana mmoja akapiga kelele, "Basi jike njo chifu!" Dada wa swali la kwanza akakataa: "Ananyonyesha wawili. Ametangulia kwa sababu ana kiu." Hatujapatana mpaka leo. Siku ya tatu mvua ililoweza kaye mbili.

Kuna jambo moja ambalo mbuzi walituonyesha bila kupimwa. Zamu ya kukata majani ya mbuzi ilikuwa ya wasichana kila siku. Zamu ya kwenda sokoni na kuhesabu pesa mbuzi akiuzwa ilikuwa ya wavulana. Orodha ile iko na mwandiko wetu, sisi kapita. Hakuna aliyetulazimisha, tuliikuta hivyo mwaka uliopita, tukainakili. Mwezi huu tumeichanganya. Wavulana wawili wamekwenda kulalamika kwa Baba Prefe, na Baba Prefe amesema atatuita sote. Bado hajatuita.

Kuhesabu mbuzi kutaendelea siku ya Jumamosi saa tatu, baada ya salongo. Kila atakayekuja alete kaye na biki, na kama ana saa ya mkono aje nayo, maana tunayo moja tu na inachelewa. Majina ya mbuzi yatapigiwa kura. Mvua ikinyesha, tutahamia banda la kuku.